Swali la lugha: Vitu vya kinga vya Warumi, vyote ni "hirizi"?

Msomaji mmoja anatafsiri maelezo ya vitu vya Kirumi vilivyofukuliwa na wanaakiolojia, anauliza neno "hirizi" linatosha kwa vyote au aseme tu "vitu vya uchawi".

Ndugu yangu, "uchawi" liache kabisa, maana kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru, sasa mzazi wa Kirumi aliyemvalisha mwanae wa kiume bulla, yaani kidani cha kinga, shingoni, ya dhahabu kwa wenye nacho na ya ngozi kwa wengine, mtoto anakaa nayo mpaka anapofikia utu uzima ndo anaivua, huyo alikuwa anamkinga mwanae na kijicho, uchawi uko wapi hapo? Hiyo ni hirizi. Na vile vibati vyembamba vya dhahabu au fedha vilivyoandikwa, vikakunjwa na kutiwa kwenye kikopo kidogo cha kuvaa, hivo ndo hirizi hasa.

Kinga ya nyumba ni zindiko. Pompeii, mji wa kale wa Kirumi huko Italia, kwenye duka la mikate, juu ya tanuri palichongwa uume na maneno ya Kilatini yenye maana "hapa inakaa heri". Usiandike "mchoro wa matusi" tafadhali, wenyewe waliona unafukuza jicho baya.

Pa kuwa makini ni Bath, Uingereza. Kwenye chemchemi ya moto ya mungu wa kike Sulis Minerva zilitoka karatasi za madini ya risasi kama 130, nyingi ni malalamiko ya wizi. Mlalamikaji mmoja, Docilianus, kaibiwa joho lake lenye kofia, basi anaomba mwizi anyimwe usingizi na watoto, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mtu huru. Hii haivaliwi wala haimkingi mtu, inamfuata mwizi, kwa hiyo andika "apizo", wingi "maapizo". Najua mtu wa pwani hapo anawaza halbadiri, lakini hicho ni kisomo cha Kiislamu, ukikipachika kwa Warumi unapotosha historia.

Alafu ni hirizi hii, hirizi hizi, "mahirizi" acha kwenye maongezi.

Na pale ambapo wafukuaji wenyewe wanakisia, we pia kisia. Mwaka 2019 Pompeii walitangaza sanduku la mbao lenye shanga, kaharabu na vidude vya umbo la mende, hapo andika "vinavyodhaniwa kuwa hirizi".