Usijipime na injini ya sataranji

Kuna kijana ameniandikia wiki hii: "Kaka, programu ya sataranji kwenye simu yangu naishinda karibu kila siku. Ni kweli hizi programu zinacheza kiwango cha grandmasta, au tunapigwa porojo?"

Mdogo wangu, unayoifunga wewe imefungwa mikono. Ukiishusha kiwango, inachagua hatua mbovu kwa makusudi. Ndiyo maana inakubana vizuri mchezo mzima, halafu ghafla inakupa farasi wa bure. Ifungulie uone.

Hilo swali la grandmasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, lilishakwisha. Mwaka 1988 kompyuta ya Deep Thought ilimfunga grandmasta Bent Larsen mashindanoni. Mwaka 1997 Deep Blue ya IBM, iliyokagua hadi nafasi milioni 200 kwa sekunde, ikamshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, 3.5 kwa 2.5. Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wakati huo, naye akalala 4 kwa 2 mbele ya programu ya Deep Fritz mwaka 2006. Katika mchezo mmoja alipitiwa kabisa na chekimeti ya hatua moja, yaani mfalme kunaswa na mchezo kuisha. Tangu hapo mambo yamezidi. Kuwa grandmasta kunataka ufikishe pointi 2500 za kupima uwezo wa mchezaji, pamoja na masharti mengine. Magnus Carlsen, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, kileleni alifika 2882. Stockfish, injini (programu ya kucheza sataranji) ya bure kabisa, inapewa zaidi ya 3500, ingawa hizo ni pointi za mashine kupimana zenyewe kwa zenyewe.

Mimi injini zimenigusa pabaya. Kwenye mashindano fulani nilimkabili mtu aliyenizidi pointi nyingi. Nikatoa ngome kafara, nikamfukuza mfalme wake hadi akakata tamaa. Badala ya kunipa mkono akamwita mwamuzi: eti nina simu, injini inanisaidia. Nikapekuliwa mifuko mbele ya ukumbi mzima. Hawakukuta kitu, na hakuna aliyeniambia samahani. Hadi leo tukikutana ananisalimia kwa bashasha, kana kwamba halikutokea jambo.

Usiku ule nikaupitisha mchezo kwenye Stockfish. Ikaitoa thamani kafara yangu palepale! Mfalme wake alikuwa na njia: atembee mwenyewe hadi katikati ya ubao, katikati ya kete zangu, apone. Huo ndio ushahidi wangu, mashine isingecheza vile. Na yule bwana, akiwa na dakika chache kwenye saa, asingeiona njia hiyo hata angepewa wiki. Nilishinda kwa sababu nilicheza na binadamu.

Kwa hiyo sikilizeni, ninyi mnaotaka kupanda. Mchezo ukiisha, usikimbilie injini. Kaa na ubao, andika ulichofikiri pale ulipobabaika, kisha ndipo uiulize. Anayeanza na injini anaona jibu kabla ya swali, na wengi siku hizi wako hivyo: wanakariri hatua ishirini za ufunguzi, mpinzani akitoka nje ya njia wanaganda. Fikiri kwanza. Narudia, fikiri kwanza! Tofauti ya pointi 0.3 kwenye tathmini ya injini, ile namba inayoonyesha nani yuko mbele, achana nayo, hiyo ni ya wakubwa. Tafuta pale tathmini iliporuka kutoka sifuri hadi tatu, ujiulize ulikuwa unaangalia upande gani wa ubao.