Jibu: Usikate hizo herufi Jumatatu!

Wewe uliyeuliza kwa nini herufi za fonti yako ya vigae, yaani zilizojengwa kwa vipande vidogo vinavyofanana, hazikai kama familia moja, programu gani ni nzuri, na mteja umtoze pesa ngapi: yote hayo nimeyasoma vizuri mpaka pale mwisho, eti Jumatatu unampelekea fundi akate bango. Chai imenipalia. Mpigie fundi sasa hivi, mwambie angoje.

Mimi nilikata. Mama mmoja mwenye hoteli pale Umoja alitaka bango la akriliki: KAHAWA MOTO NA MAANDAZI. Fonti yangu ilikuwa ndugu ya yako kabisa, kigae cha mraba na robo duara, basi, na kila herufi lazima itoshee upana wa vigae vitano. Kwenye kompyuta, A mpaka Z, zilipendeza kama watoto wa shule kwenye gwaride. Bango likapandishwa. Nikavuka barabara nilitazame kwa maringo. W na M zilikuwa matofali meusi, O ya MOTO imenywea kuliko jirani zake, na kabla sijameza mate jamaa mmoja akaniuliza kama hapo ndipo wanakata tikiti za basi la Kahama.

Sh38,000. Kutoka mfukoni mwangu. Mama alinihurumia akanipa maandazi sita, kwa hiyo ninajua ladha ya andazi la zaidi ya Sh6,000.

Sasa hesabu. Nguzo yangu, yaani mstari wa kusimama wa herufi, ilikuwa na upana wa kigae kimoja. O ina nguzo, vigae vitatu wazi, nguzo: vigae viwili vyeusi kati ya vitano. W ina nguzo, wazi, nguzo, wazi, nguzo: vitatu kati ya vitano. Kipimo ni kilekile, weusi si uleule, na jicho linaona weusi. Halafu Kiswahili kilivyojaa wa- na ma-, utajificha wapi?

Aliyenipoteza ni mwalimu wa kozi ya video niliyoilipia. Kila somo, "gridi haidanganyi", yaani ule mtandao wa miraba tunaopangia vigae. Ushahidi wake ulikuwa alfabeti ya Mholanzi Wim Crouwel ya 1967. Hakutuambia kwamba lile lilikuwa jaribio la herufi za skrini za enzi hizo, na kwamba baadhi ya herufi zake huwezi kuzisoma mpaka uonyeshwe. Na cheti alichonitumia, ati, kimeandikwa kwa Helvetica, fonti ya kawaida isiyojengwa kwa vigae! Cheti ninacho bado. Ninakitumia kuwekea kikombe.

Aliyeniokoa ni dada mmoja mchoraji aliyekuwa akichapisha kadi za harusi River Road. Nilimwonyesha A mpaka Z, akakataa kuangalia. "Niandikie maneno." Akachapisha KAHAWA na SASA kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akarudi nyuma hadi mlangoni, kisha akaigeuza kichwa chini. Ndipo nikaona kichwa cha S yangu ni kikubwa kuliko makalio. Akagonga W kwa kalamu: "Kaka, hii ni matatu ya watu 14 na umebeba 20."

Tulivunja gridi hapohapo. W na M zikapewa vigae saba: nguzo, viwili wazi, nguzo, viwili wazi, nguzo. O, yenye kimo cha vipimo 700 vya programu ya fonti, ikasukumwa vipimo 10 juu ya kimo hicho na 10 chini ya mstari herufi zinaposimama, ndipo ikaonekana sawa na H. Mistari ya kulala tukaikonda kidogo, maana ikilingana na nguzo huonekana minene. Tumbo la juu la S tukalipunguza. Rula ikilalamika, iache ilalamike.

Kwa hiyo ile picha yako ya A mpaka Z iondoe. Hapo tutakupigia makofi tu, na makofi nilipigiwa mengi. Chapisha maneno yaleyale ya bango la mteja, makubwa na madogo kama ukucha, bandika ukutani, piga picha ukiwa mlangoni, uilete hapa leo usiku. Nitaanza na W.