Fizi zinatoka damu: kabla hujaanza maji ya ndimu, soma hapa

Dada wa Kakamega, umesema fizi zako zinatoka damu kila ukipiga mswaki, na jirani amekuambia umepungukiwa vitamini C: unywe maji ya ndimu kila asubuhi, mswaki uuweke kando, utafune muwa mpaka zipone. Pole sana. Nakujibu kwa urefu kwa sababu njia hiyo niliipita mwenyewe na ikanigharimu gego.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Kwa miaka mingi flaski ya chai ilikaa kando ya cherehani tangu asubuhi mpaka jioni. Kikombe kimoja kilinichukua saa nzima: napiga funda, napiga mshono, napiga funda jingine. Vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, vikombe sita kwa siku. Nilijiona mtu wa kiasi kwa vile soda sinywi. Siku moja nikakata uzi kwa meno kama nilivyozoea, nikahisi kitu kama chembe ya mchanga juu ya ulimi. Kilikuwa kipande cha jino. Siku nzima ulimi ulirudi palepale, ukipapasa ukingo mkali na tundu ambalo kwenye kioo silioni.

Daktari wa meno alitaka kujua nakunywa chai mara ngapi kabla hata ya kuuliza naitia sukari kiasi gani. Bakteria walio kwenye ukoga, ule utando unaoganda juu ya meno, huigeuza sukari kuwa asidi ndani ya dakika chache, na mate yanahitaji kama nusu saa, pengine saa nzima, kuituliza asidi hiyo na kulirudishia jino madini yake. Anayemaliza kikombe pamoja na chakula, mate yake yanapata muda wa kufanya kazi. Mimi sikuyapa muda huo hata mara moja kutwa nzima. Na sukari yenyewe, nilipoihesabu, ilikuwa vijiko 18, kama gramu 70, kwenye chai peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015, kwa mtu mzima wa kawaida, unafika kama gramu 50 kwa siku, na nusu yake ni bora zaidi.

Sasa fizi. Zangu pia zilikuwa zinavuja, na kosa langu lilikuwa kuiogopa ile damu. Palipotoka damu nikawa naparuka. Ukoga ukatulia pale jino linapokutana na ufizi, ukawa mgumu kama chokaa, na ukishafika hapo mswaki hauutoi tena, mpaka daktari akukwangue. Mara nyingi damu inatokana na huo ukoga. Ni kweli kwamba ukikosa vitamini C kabisa kwa muda mrefu fizi huvimba na kuvuja, ndicho kiseyeye, lakini mtu wa Kakamega anayekula sukuma wiki na mapera hafiki huko kirahisi. Nyumbani kwetu mboga za osuga (mnavu) na dek (mgagani) huchemshwa sana ili uchungu uishe, na vitamini C huondoka na moto na maji. Kwa hiyo mimi naitafuta kwenye pera, ambalo linalipita chungwa kwa mbali.

Maji ya ndimu niliyanywa miezi miwili. Meno yakaanza kufa ganzi hata kwa maji ya mtungini, kwa sababu ile asidi inalainisha ngozi ya juu ya jino moja kwa moja, bila kungoja bakteria. Ndimu ikamulie samaki. Na ukila kitu kichachu, sukutua kwa maji, ungoje nusu saa ndipo upige mswaki.

Muwa nao, nyuzi zake zinasugua juu juu tu, hazifiki kwenye ukingo wa ufizi, na maji yake ni sukari tupu. Ukiutamani, utafune baada ya chakula, umalize, unywe maji. Kile kimfuko cha vipande unachotembea nacho mchana kutwa ndicho kibaya.

Na yule aliyeuliza kutoka Nakuru kuhusu meno ya mtoto yenye madoa ya kahawia: hilo ni jambo jingine kabisa, usimgombeze mtoto kwamba hasugui. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na madoa huingia jino likiwa bado linaumbika. Kuyachemsha hakusaidii, floraidi inabaki humo. Tafuta maji ya mvua, au kichujio cha mkaa wa mifupa.

Kwangu mimi, nilikwanguliwa ukoga, nikanunua mswaki laini, nikasugua palepale panapouma, asubuhi na usiku. Wiki ya tatu damu ikakoma. Gego halikuokoka, liling'olewa. Flaski bado iko kando ya cherehani, ila ina maji. Chai nainywa mara mbili, pamoja na chakula, na uzi naukata kwa mkasi.

Dada, tuambie mambo mawili: chai yako unainywa mara ngapi kwa siku, na je, usiku unaamka kwa kiu au kukojoa mara kwa mara? Kama ndiyo, pima sukari ya damu wiki hii, kabla hata ya daktari wa meno, kwa sababu kisukari nacho huzidisha ugonjwa wa fizi. Na kama una mimba, mwambie daktari, maana wakati huo fizi huvimba upesi.