Programu, mchakato na Linux kwenye laptop moja

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko mwaka wa pili, mhadhiri anasema programu na mchakato (process) ni vitu viwili, wewe unaona kimoja, na sasa unataka kufuta Windows uweke Linux kwenye laptop yako pekee yenye RAM ya GB 4. Tafadhali usifute.

Tumia WSL, yaani nyenzo ya Windows ya kuendesha Linux, humohumo ndani ya Windows 10 au 11. Fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, andika `wsl --install`, kisha uizime na kuiwasha kompyuta. Kwa RAM hiyo, VirtualBox, inayounda kompyuta nzima ya kuigiza ndani ya yako, itakuelemea.

Ukishaingia kwenye Linux, andika `sleep 300 &` mara mbili, halafu `ps`. Utaona mistari miwili ya sleep, kila mmoja na PID yake, yaani namba ya utambulisho wa mchakato. Faili ya sleep kwenye diski ni moja tu, nayo ndiyo programu. Inayoendeshwa sasa ni michakato miwili, kila mmoja na eneo lake la kumbukumbu. Ua mmoja kwa `kill` na PID yake, uandike `ps` tena: mwenzake anaendelea tu. Fanya hivyo hadi uizoee, ndipo usome nyuzi (threads), ambazo hugawana kumbukumbu ya mchakato mmoja. Moja ikivuruga data, zote zinaumia.

Ukifika kwenye `fork()`, inayozaa mchakato mpya, usiiweke kwenye kitanzi kisicho na mwisho, mashine itaganda. Na ukiamua kugawa diski ili Linux ikae kando ya Windows, nakili kwanza kazi zako kwenye diski ya nje na uhifadhi ufunguo wa BitLocker (kifungio cha diski cha Windows) kama imewashwa. Diski ikianza kugonga-gonga au faili kupotea, zima, mpelekee fundi.