Mwalimu wa tuisheni anauza majibu ya mitihani ya miaka 10: ninunue?

SWALI: Niko mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya takwimu bima, yaani hesabu za hatari na bei za bima. Somo la uwezekano nimepata 54, hisabati ya fedha 61. Kuna mwalimu wa tuisheni anauza mitihani ya miaka 10 iliyopita ikiwa na majibu, na anasema nikiikariri yote nitapata daraja la kwanza pamoja na misamaha yote ya mitihani ya chama cha kitaaluma cha wataalamu wa takwimu bima. Wenzangu wananishauri nijisajili kwenye mitihani ya chama sasa hivi ili nimalize mapema. Nifuate lipi?

JIBU: Usinunue. Ahadi hiyo imebeba uongo wa aina mbili, na angalau mmoja kati yake muuzaji anaujua vizuri.

Wa kwanza ni huo wa misamaha. Daraja la shahada ni kitu kimoja, msamaha wa mtihani wa chama ni kitu kingine. Chuo chenye makubaliano na chama cha wataalamu hawa, kama IFoA cha Uingereza, huwa na alama maalumu kwa kila somo au kundi la masomo yanayolingana na mtihani fulani: hisabati ya fedha na ya bima ya maisha kwa CM1, uwezekano na takwimu kwa CS1, na kadhalika. Alama hiyo mara nyingi iko juu ya ile ya kufaulu chuoni. Ndiyo maana mtu anaweza kuhitimu na daraja la pili la juu na bado akakosa msamaha wa CS2, kwa kuwa tu somo la modeli za uhai alipata 51. Tena msamaha wenyewe huombwa na kulipiwa, hauji umeambatana na cheti. Mitihani ya juu ya ubobezi ndiyo kabisa, hakuna shahada ya kwanza inayokusamehe. SOA, chama cha Marekani, nacho kina utaratibu wake: uchumi, uhasibu na fedha, na takwimu za kihisabati hutambuliwa kutoka chuoni kupitia VEE, mpango wake wa kuthibitisha masomo ya chuo, ukiwa na angalau B-.

Kwa hiyo wiki hii nenda idarani ukaombe maandishi yenye mambo matatu: masomo yanayohesabiwa kwa kila msamaha, alama inayotakiwa, na kama alama ya mtihani wa marudio inakubaliwa. Usiridhike na maneno ya mdomo ya mwanafunzi wa mwaka wa nne, maana makubaliano hubadilika mitaala inapobadilika.

Uongo wa pili ndio unaoharibu wanafunzi wengi zaidi, nao ni kudhani kwamba takwimu bima ni fungu la fomula, na anayekremu nyingi ndiye anayefaulu. Chukua swali la kawaida la hisabati ya fedha: thamani ya sasa ya malipo ya 1,000 kila mwisho wa robo mwaka kwa miaka 10, riba ikiwa 12% kwa mwaka inayokokotolewa kila mwezi. Aliyekariri anakumbuka kwamba mwaka jana riba ilikokotolewa kila robo mwaka, hivyo anagawa 12 kwa 4, anapata 3%, anatumia anuiti (mfululizo wa malipo sawa) ya vipindi 40 na kuandika 23,115. Lakini riba halisi ya robo mwaka hapa ni 1.01 kwa kipeo cha 3, utoe 1, yaani 3.0301%. Jibu ni 23,003. Tofauti ni kama nusu ya asilimia moja, na hatari iko hapo hapo, kwa sababu jibu la kwanza halionekani kuwa na kasoro yoyote. Kwenye mfuko wenye madeni ya bilioni 10, nusu asilimia ni milioni 50.

Mtahini hahitaji kutunga swali jipya ili akunase. Anabadilisha tu wakati wa malipo. Fidia ya kifo iliyokuwa ikilipwa mwisho wa mwaka sasa inalipwa papo hapo, na thamani yake inazidishwa takriban kwa kipeuo cha pili cha 1 + i, i ikiwa riba ya mwaka. Kwa riba ya 6% hilo ni ongezeko la karibu asilimia 3. Ada iliyokuwa ikilipwa mwisho wa mwaka sasa inalipwa mwanzoni. Kwa riba ya 5%, malipo 10 ya 1,000 yana thamani ya 7,722 yakilipwa mwisho wa mwaka, na 8,108 yakilipwa mwanzoni. Aliyekariri anaona swali analolijua. Hasomi neno hilo moja lililobadilika.

Kinachofanya kazi ni hiki. Chora mstari wa wakati. Juu yake weka kila fedha inayoingia na kutoka, pamoja na tarehe yake. Chini ya kila moja andika sharti la kulipwa: mtu awe hai, awe amekufa mwaka huo, au hakuna sharti. Zidisha kiasi, uwezekano na punguzo la riba, kisha jumlisha. Sawazisha thamani ya ada na thamani ya fidia ukijumlisha gharama za uendeshaji. Baada ya hapo ndipo utafute ishara fupi ya hisabati inayolingana na ulichoandika. Wengi huanza na ishara halafu wanatafuta swali la kuilazimishia.

Hata fomula zinazoonekana kavu zina maana inayoshikika. Ile ya A = 1 − dä, wanayoiandika viganjani kabla ya mtihani (A ni thamani ya leo ya 1 inayolipwa mtu akifa, ä ni thamani ya leo ya 1 inayolipwa kila mwanzo wa mwaka akiwa hai), isome hivi: umekopeshwa 1 leo. Kila mwanzo wa mwaka, maadamu uko hai, unalipa riba yake mapema, yaani d. Mwisho wa mwaka unaokufa, ile 1 inarudishwa. Thamani ya yote mawili lazima iwe sawa na 1 uliyopokea: dä + A = 1. Ukiielewa hivyo huwezi kuisahau, na swali likiwa la bima ya muda maalumu utajua mwenyewe kwamba 1 inarudishwa pia kwa anayefika mwisho wa mkataba akiwa hai, kwa hiyo A lazima iwe ya bima inayolipa kwa kifo au kwa kumaliza muda. Aliyekariri huweka A ya kifo peke yake, na kuanzia hapo kila mstari ni makosa.

Kati ya alama zako mbili, mimi naihofia zaidi 54 ya uwezekano. Hisabati ya fedha ina mipaka, mtu huikamata akitulia. Uwezekano ndio msingi wa yote yanayokuja mwaka wa tatu na wa nne. Jipime kwa hili: madai 20 kwa wastani kwa mwaka, idadi yake ikifuata mgawanyo wa Poisson (modeli ya kuhesabu matukio), kila dai likiwa na wastani wa 500 na mkengeuko sanifu (kipimo cha kutawanyika) wa 300. Mkengeuko sanifu wa jumla ya madai ni kiasi gani? Ukizidisha 20 kwa 90,000, yaani mraba wa 300, na kutafuta kipeuo, utapata 1,342 na utakuwa umekosea. Umehesabu kutotabirika kwa ukubwa wa madai ukasahau kwamba hata idadi yake haitabiriki. Sahihi ni 20 mara jumla ya 90,000 na 250,000 (mraba wa 500), ambayo kipeuo chake ni 2,608, karibu mara mbili. Kama ulikwama hapo, rudia wastani na mtawanyo wenye masharti kabla ya kugusa kitu kingine.

Kuhusu kujisajili sasa: kwa somo ambalo chuo bado kinaweza kukupatia msamaha, subiri. Kwa somo ambalo alama imeshakosekana na haitarekebishika, fanya mtihani wa chama mapema somo likiwa bado kichwani, mmoja kwa wakati mmoja. Kumbuka pia kwamba CM1 na CM2 zina sehemu ya kufanya kwenye Excel, na CS1 na CS2 kwenye R, programu ya kompyuta ya takwimu. Huko kukariri hakufiki popote, utapewa data ambayo hujawahi kuiona.

Wauzaji hawa hawaishii kwenye mitihani. Mwaka wa nne watakufuata na mradi wa utafiti uliokwisha kuandikwa. Kwenye miradi hiyo kuna kosa moja linalojirudia. Watu 1,000 wanafuatiliwa mwaka mzima, 200 wanajitoa katikati, 8 wanafariki. Mwandishi anagawa 8 kwa 1,000, anaandika 0.008. Lakini waliojitoa walikuwa chini ya uangalizi nusu mwaka tu kwa wastani, na waliofariki vivyo hivyo, kwa hiyo muda halisi ni miaka-watu (miaka ya watu wote ikijumlishwa) kama 896 na kiwango cha vifo ni 0.0089. Kiwango cha kwanza kimepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na bima iliyopangiwa bei kwacho itakusanya ada pungufu kila mwaka. Jopo likiuliza wale 200 walihesabiwaje, aliyenunua mradi hana la kujibu. Anayekuuzia "mtihani uliovuja" naye anakuuzia zaidi ya hasara ya fedha: vyama hivi vina kanuni za nidhamu zinazowabana hata wanachama wanafunzi, na udanganyifu ukithibitika unaweza kuondolewa kabla hujaanza kazi.

Na hicho anachokiuza mwalimu wako kwa sehemu kubwa ni cha bure. Mitihani iliyopita ya IFoA iko kwenye tovuti ya chama pamoja na ripoti za watahini, na SOA imeweka maswali ya mfano ya mitihani yake ya P (uwezekano) na FM (hisabati ya fedha) pamoja na majibu yake. Fanya mtihani mmoja kwa muda kamili bila kuangalia majibu. Jisahihishe, halafu usome ripoti ya watahini sehemu wanayoeleza wapi watahiniwa walipoteza alama. Kila swali ulilokosa, lirudie baada ya wiki moja ukiwa umebadilisha jambo moja: wakati wa malipo, namna riba inavyokokotolewa, au sharti la kulipwa.