Eksirei Safi, Goti Linalouma: Ushauri kwa Anayetaka Kutumia Modeli za Kompyuta

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Arusha, mhitimu wa fiziotherapia, akiniuliza aanzie wapi ili naye atumie modeli za kompyuta, yaani mifano ya mwili iliyojengwa kwa hesabu, kupima afya ya viungo na misuli. Najua wengi wenu mna kiu hiyohiyo, kwa hiyo namjibu hapa.

Mimi nilivutwa na magoti ya wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Hapa Moshi tunaishi na vijana wanaobeba mizigo Mlima Kilimanjaro, na wanaofika kwangu hulalamikia kushuka kuliko kupanda. Anayeteremka kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka hushuka zaidi ya mita 4,000, na katika kila hatua msuli wa mbele wa paja hukaza huku ukirefuka ili goti lisikunjike ghafla, na kifupa cha mbele ya goti, kiitwacho pia, hukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Hata hivyo eksirei zao mara nyingi hutoka safi, kwa sababu eksirei haionyeshi gegedu lenyewe, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, bali mifupa na nafasi iliyo kati yake. Ndiyo maana nasisitiza goti lipigwe picha mtu akiwa amesimama, ili uzito wa mwili uibane nafasi hiyo na gegedu lililopungua lidhihirike. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha gegedu na kano bila mionzi ya eksirei, na ultrasaundi huonyesha msuli ukisogea, lakini hakuna picha hata moja kati ya hizo inayotaja nguvu ambayo goti limebeba.

Nguvu hiyo hukadiriwa kwa modeli. OpenSim, programu ya bure iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2007, hupokea vipimo vya mwili, mwendo uliorekodiwa kwa kamera na msukumo wa ardhi kwenye nyayo, kisha hukokotoa kazi ya kila msuli. Nilipoieleza kwa mara ya kwanza, mkubwa wangu wa kazi wa wakati huo alisema mbele ya wenzangu kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Maneno yale yananiuma hadi leo. Mwezi uliopita baadhi ya waliokuwapo siku ile waliniomba niwafundishe, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo wengi hupotea. Misuli inayopita gotini ni mingi kuliko milinganyo ya hesabu inayolieleza goti, hivyo programu hulazimika kuchagua namna ya kuigawia kazi, na kwa kawaida huchagua mgawanyo unaotumia juhudi ndogo zaidi. Mtu mwenye maumivu hafanyi hivyo. Yeye hukaza misuli ya mbele na ya nyuma ya paja kwa pamoja ili kulilinda goti, na mkazo huo huongeza mgandamizo ndani ya kiungo. Modeli isiyoujua itakupa namba ndogo kuliko ukweli, tena kwa mgonjwa yuleyule anayehitaji msaada. Bandika vihisio vya umeme wa misuli juu ya ngozi, ulinganishe na kile programu inachodai. Usiiamini namba ambayo hukuilinganisha.

Kwa hiyo, kijana wangu, jifunze anatomia kwanza, mguse mgonjwa kwanza, uwe na swali kwanza. Kamera za gharama zisikukatishe tamaa: OpenCap, nayo ya Stanford, hukadiria mwendo kwa video za simu mbili au zaidi za iPhone. Na anayepimwa akiwa mgumu, mrekodi akiwa amebeba. Kanuni za mlimani zinaweka kikomo cha kilo 20, nawe uingize mzigo huo kwenye modeli pale hasa anapoubeba, kichwani, begani au mgongoni, kwa sababu mahali pa mzigo hubadilisha mwinamo wa kiwiliwili, na mwinamo hubadilisha kazi ya msuli wa paja.