Spritsi nyepesi ya nyumbani: punguza waini, usipunguze uchungu

Kama we ni mtu wa kupenda kukaa jioni na glasi mkononi, mnapiga stori huku chakula kinaiva, lakini hutaki kuamka na kichwa kizito, spritsi, yaani waini iliyochanganywa na pombe chungu na maji ya gesi, inakufaa sana, ila sio ile inayomiminwa kwenye baa nyingi. Ile wanaita 3-2-1, yaani Prosecco (waini ya Italia yenye povu) sehemu 3, Aperol (pombe chungu-tamu ya rangi ya chungwa) sehemu 2, maji ya gesi sehemu 1, na kila mtu anakwambia ni nyepesi kwa sababu ni tamu na imejaa barafu. Hebu tupige hesabu. Prosecco mililita 90 na Aperol mililita 60, zote zina kilevi kama asilimia 11, ukijumlisha unapata mililita 16.5 za kilevi kitupu, na hiyo ni sawasawa na bia ya mililita 330 yenye asilimia 5. Yaani ukinywa tatu kabla ya kula ushapiga bia tatu, tena tumbo tupu.

Kwao kabisa, huko Veneto kaskazini mwa Italia, inasimuliwa kwamba ilianza kwa upole zaidi, wanajeshi wa Austria waliokuwa wanatawala kule mpaka 1866 waliona waini ya pale kali wakawa wanaitia maji, basi. Hizi pombe chungu zimeingia baadaye, Aperol imetoka Padova mwaka 1919. Kwa hiyo usiogope kabisa kuongeza maji.

Sasa shida ni kwamba ukipunguza kila kitu kwa pamoja unabaki na maji ya rangi, hayana ladha, na mtu akinywa kitu kisicho na ladha anakigugumia haraka afu anaomba kingine. Uchungu ndo unaomfanya mtu anywe taratibu, kwa hiyo mi nabana waini na utamu, uchungu nauacha palepale. Ndo maana badala ya Aperol naweka Campari, pombe nyingine chungu ya Italia, ambayo kwenye chupa ni kali zaidi, asilimia 25 hivi inategemea na nchi, lakini uchungu wake ni mkubwa kiasi kwamba kijiko kimoja cha chakula kinatosha, manake kijiko ni mililita 15 tu.

Naanza na glasi kubwa, ile ya waini yenye tumbo, najaza barafu mpaka juu. Watu wanabania barafu wakidhani itazimua kinywaji, kumbe ni kinyume, barafu mbili tatu zinayeyuka chap, glasi ikijaa inabaki baridi na barafu inadumu. Afu waini nyeupe kavu vijiko 4 vya chakula, ile ya Dodoma ya asilimia 12 inafaa kabisa, haina haja ya kuwa na povu kwa sababu gesi inatoka kwenye maji. Campari kijiko 1. Mwisho maji ya gesi vijiko 7, na nikisema maji ya gesi simaanishi soda ya chupa yenye sukari, namaanisha maji matupu yenye gesi, na yawe yamelala kwenye friji, ya uvuguvugu yanamwaga gesi yote pale pale unapofungua. Mimina taratibu pembeni ya glasi, koroga mara moja kutoka chini, acha. Hapo una mililita 180 zenye kilevi cha asilimia 6 hivi, kama mililita 11 za kilevi kitupu, theluthi moja pungufu ya ile ya 3-2-1, na bado inauma ulimi vizuri.

Kitu ambacho sikubali kiachwe ni ganda la chungwa. Chukua chungwa la Muheza, hata kama ganda ni la kijani haina shida, menya kipande cha ganda chenye urefu wa dole gumba na ule weupe wa ndani uuache kwenye tunda, shika ganda hilo juu ya glasi upande wa nje ukiangalia chini afu libane. Ukisimama kwenye mwanga utaona vitone vya mafuta vinaruka juu ya kinywaji, na harufu inakupanda puani kabla hujaonja. Harufu hiyo inajaza nafasi ya sukari uliyoitoa. Venice wanatia na zeituni ya kijani, jaribu, ile chumvi inatuliza uchungu.

Kama Campari inakushinda bei, vermuti nyeupe kavu vijiko 2 inafanya kazi nzuri, ina mitishamba ndani, pakanga ikiwemo, ila ukishaifungua ikae kwenye friji na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili, ile ni waini, inachacha. Na kwa asiyekunywa kabisa, au anayeendesha, au aliye kwenye dawa, chemsha choya bila sukari, ipoe, weka vijiko 3 kwenye barafu, malizia na toniki, uchungu unatoka kwenye kwinini iliyomo kwenye toniki na ganda la chungwa ni lile lile, hakuna atakayejiona ametengwa mezani.

Mkiwa wengi changanya waini na Campari kwenye jagi, weka friji mchana, lakini gesi usiitie humo, itaisha. Weka chupa ya maji ya gesi katikati ya meza na bakuli la barafu, weka na korosho, kila mtu ajimiminie anavyotaka.